Safari ya Jumamosi Hadi Arques

Douai, 2 Mei 1998

Mjukuu wangu Solenne,

Hujambo huko Paris? Kifua kimepona, au bado unakunywa kahawa badala ya dawa? Mimi mzima, ila masikio yamekufa nusu. Mtu nikiiona midomo yake namwelewa, simu hapana. Babu yako Odilon anakula vizuri. Ananiita "madam".

Jumatatu ya tarehe kumi na nane wanamchukua kumpeleka nyumba ya wazee. Kabla ya hapo nataka siku moja ya gari lako. Tuanze Arques, ni karibu, malango mawili tu ya mfereji, yale ya kuinua na kushusha tishari. Kisha Dunkerque, kisha bahari pale rasi ya Blanc-Nez, tushuke Saint-Valery, tuingie kanisa kuu la Amiens, ambalo tulilipita na tishari letu miaka yote ile bila kuteremka kwa sababu shehena haingoji. Cambrai tulikooana ni mbali, malango matano, lakini jioni tutafika. Mahali pamoja kati ya hapo patamkumbusha jina langu. Aniite mara moja tu, halafu wamchukue.

Usicheke mwandiko. Herufi nilizisoma kwenye majina ya matishari. Shule ilikuwa nchi kavu na sisi tulikuwa majini.

Bibi yako, Zulma


Paris, 5 Mei

Bibi mpendwa,

Kifua kimepona, usianze. Msalimie Babu, hata kama atauliza Solenne ni nani.

Nimekaa na ramani jioni mbili. Bibi, umehesabu malango. Barabara haina malango. Cambrai unayoiita mbali ni nusu saa kutoka kwako. Arques unayoiita karibu ni saa nzima na zaidi. Orodha yako ni saa saba za usukani kabla hatujashuka popote, na Babu anataka choo kila saa.

Chagua mahali pawili. Mimi naona hivi: tuondoke saa mbili asubuhi, saa nne na nusu tuwe Blanc-Nez, tule chakula pale Wissant, saa tisa Arques, saa kumi na mbili mko nyumbani. Amiens iko upande mwingine kabisa, tuiache.

Na usiweke matumaini yote hapo. Daktari alishasema.

Mjukuu wako, Solenne


Douai, 9 Mei

Solenne,

U mzima? Mimi sili.

Daktari hajalala na mume wangu miaka hamsini na mbili, mwambie anyamaze. Amiens tuiache, Cambrai tuiache, unasema kama mtu anayechambua mboga. Haya. Nimelia, nimemaliza, nimekubali. Bahari, halafu Arques.

Arques ndipo nilipojifunza kazi. Yeye usukani, mimi kamba. Tishari likiingia langoni anaita, "Zulma, kamba." Kila lango, kila siku, miaka arobaini na moja. Hilo haliwezi kumtoka.

Mkate na jibini la Maroilles naleta mimi. Ukilalamikia harufu utashuka utembee.

Bibi yako, Zulma


Douai, 20 Mei

Solenne,

Ulifika salama? Mbona kimya?

Siku uliipanga vizuri, sikulaumu. Blanc-Nez upepo ulimtoa machozi, akauliza bahari ile ni ya nani. Wissant alisinzia juu ya sahani. Arques nikaenda kupanga foleni ya chipsi, niliporudi nikampa, akasema, "Asante, madam." Halafu tukamng'oa sisi wawili kwenye uzio wa lango kama kupe.

Jumatatu wamemchukua. Tangu alipofika kule ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, halali. Wauguzi wanafungua kidole kimoja, kingine kinarudi. Na mimi bado naandaa sahani mbili. Sijui naishi vipi, mwanangu.

Kwa nini ulinyamaza njia nzima ya kurudi?

Bibi yako, Zulma


Paris, 23 Mei

Bibi,

Sina ugonjwa, ila usingizi sina. Barua hii nimeichana mara tatu.

Ulipokuwa kwenye foleni, tishari liliingia langoni. Babu akasimama wima, akashika uzio, akanitazama. Nilikuwa nimevaa koti lako la bluu kwa ajili ya upepo. Akasema waziwazi, "Zulma, kamba."

Alinitazama mimi, Bibi. Akarudia. Kisha nikakuona unakuja na chipsi mkononi, nikashindwa kukwambia kwamba umeitwa na hukuwepo.

Nisamehe.

Mjukuu wako, Solenne


Douai, 27 Mei

Solenne wangu,

Sijambo. Na wewe kula.

Barua yako niliisoma kwa kidole, neno moja moja, na nilipofika kwenye jina langu nikavunja kikombe. Nilikutukana pia. Usiulize matusi gani, ni ya majini. Kisha nikakaa chini.

Koti ni langu, hakukosea sana. Kosa ni langu mimi niliyekueleza anavyoita, nisikufundishe anavyojibiwa. Ukishafunga kamba kwenye nguzo unamjibu, "Imeshika." Asiposikia hilo haachi usukani, kwa sababu akiacha tishari linagonga lango. Aliita mara mbili. Hakuna aliyemjibu.

Nikavaa koti, nikapanda basi. Muuguzi akaniambia saa za kuona wagonjwa bado, nikampita. Nikainama sikioni pake nikasema kwa sauti ya kazini, muuguzi akaruka: "Imeshika, Odilon."

Akaachia. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akashusha pumzi ndefu. Nikaitazama midomo yake.

"Asante, madam," akasema, akalala.

Bibi yako, Zulma