Tumbo Langu na Baba Mkwe

Jumanne, mwezi wa nne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Nimeloa, nimekasirika, na nyumba iko kimya mno.

Nianze na tumbo. Tangu Januari linajaa gesi hadi sketi nilizojishonea mwenyewe hazifungiki. Wateja wangu wa cherehani wameshaanza kunipa hongera. Nacheka nao, wakiondoka naegemea ukuta mpaka maumivu yapite.

Wiki iliyopita nilikwenda kupima vidonda vya tumbo, havipo. Daktari akaniuliza ninakulaje. Nikamwambia nakula nimesimama, jikoni, mbio. Akaniuliza ninamkimbia nani.

Ninamkimbia baba mkwe.

Mimi ni mtu wa Singida, nimeolewa na Mnyakyusa. Kwa wazee wa huku, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani. Ndiyo heshima yenyewe. Wengi wameshaiacha, mzee wetu hajaiacha. Alipokuwa kijijini kwenye kakao yake haikunisumbua, maana nilikwenda sikukuu tu. Mwanzoni mwa mwaka mguu wake ulivimba, mume wangu akamleta hapa Kyela mjini. Nyumba ni ya kupanga, choo kiko uani, na njia ya kwenda uani ni moja: jikoni, halafu kibarazani ninaposhonea.

"Utazoea," alisema mume wangu, Ambakisye, akapanda bodaboda akaenda zake Kasumulu kwenye kazi yake ya kutoa mizigo forodhani.

Sikuzoea. Nikisikia kitasa cha mzee naacha sahani nakimbilia chumbani. Nameza matonge bila kutafuna. Na kujamba, mnisamehe, siwezi kabisa. Ukuta wetu ni mwembamba na yule ni baba mkwe. Kwa hiyo nabana. Daktari alinieleza kwamba mtu akiwa na wasiwasi muda wote tumbo husaga chakula kwa shida, kinakaa na kutoa gesi, na anayekula mbio humeza na hewa juu yake. Akanipa dawa. Akasema zaidi ya dawa, niondoe kinachonitia wasiwasi.

Nimwondoe mzee wa watu nimpeleke wapi?

Leo mchana nilisikia kitu kizito kikianguka chumbani kwake. Nikaenda hadi mlangoni, nikashika kitasa. Ndani alikuwa akiguna.

Sikuingia.

Nilitoka mbio kwenye mvua nikamwita jirani, baba Neema. Ndiye aliyembeba akampakia kwenye bajaji, mimi nimegeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Kisha nikampigia simu mume wangu, naye akatoka Kasumulu moja kwa moja hadi hospitali.

Jioni amerudi kuchukua shuka. Alisimama mlangoni maji yakimtiririka, akaniambia alichoambiwa na mzee baada ya kuwekewa dripu.

"Alikuwa hanywi maji, mama. Anasema akinywa itabidi aende chooni, na akienda chooni atakukuta. Hakutaka kukusumbua."

Jagi nililomwekea mezani nilikuwa nalikuta limejaa kila siku. Nilidhani hapendi maji ya kuchemsha.

Figo zimeumia, hawajajua kiasi gani. Nilitaka kumpiga Ambakisye kwa hilo shuka. Yeye ndiye aliyepanga nyumba hii, na anapita kwangu na kwa baba yake apendavyo. Nikamkunjia shuka, nikampa.

Alipoondoka nilipakua wali, nikakaa kitini, nikala taratibu. Nimejamba kwa sauti katika nyumba tupu, halafu nikalia. Tumbo limetulia kwa mara ya kwanza tangu Januari. Naona aibu kuandika kwamba nimepata nafuu siku ambayo yeye amelazwa, lakini ndivyo ilivyo.

Mume wangu amesema nisiende wodini, mzee ataona vibaya. Nimemsikiliza miezi yote hii. Kesho nakwenda. Nitasimama nyuma ya pazia, asinione nami nisimwone, na nitasema kwa sauti: kunywa maji, baba.

Akikasirika, akasirike akiwa hai.