Joto Moja, Faili Tatu

Kimani rafiki yangu,

Mama Njeri amepata mtu wa kununua mashine yako ya kutotoa vifaranga. Si mfugaji. Ni mtu wa skrapu, wa vyuma chakavu, na anakuja leo mchana na mkokoteni wake. Naanza na hilo kwa sababu ni mimi niliyemleta, ingawa hanijui na sijawahi kuongea naye.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Ungekuwepo ungesema, "Mwalimu, wewe hata ukiulizwa saa unaanza na jua." Sawa. Naanza na jua.

Tulipokuzika, mashine ilibaki ikifanya kazi kama ulivyoiacha. Majirani zako wa pale Bahati waliendelea kuleta mayai, kila mmoja ameandika jina lake kwa penseli juu ya ganda, na Mama Njeri akayapanga kwenye trei. Mashine hiyo, kwa ada ya kila yai, ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Tena aliniambia kwamba ikinguruma kule stoo, nyumba haiwi kimya sana.

Kisha binti yako Njeri akaja likizo, akataka kuijua programu uliyoiandika ya kuiongoza mashine, ili aitunze yeye. Aliifungua kwenye laptop, akashuka, akashuka, akacheka. "Uncle, kwani Dad aliandika hii kitu yote kwa faili moja? Ni kama kusoma Biblia haina sura." Nilifurahi kumsikia akicheka. Nikamwambia aniachie, nitaigawanya.

Wewe hukuwahi kugawanya. Ulisema mtu mmoja anatosha faili moja, na kwako ilikuwa kweli, maana yote yalikuwa kichwani mwako. Nami nikafanya faili tatu: ya kupima joto, ya kuwasha na kuzima hita, na ya king'ora cha kuonya joto likizidi.

Sasa sikiliza. Katika C, lugha uliyoiandikia programu, kila faili hutafsiriwa peke yake kuwa maagizo ya kompyuta, haijui kilichomo kwa jirani yake. Mwishoni ndipo programu nyingine, kiunganishi, huzishona pamoja. Kwa hiyo faili ya hita ikitaka kuita funksheni (fungu la maagizo lenye jina) iliyoandikwa kwenye faili ya kupima, lazima kwanza iambiwe kwamba funksheni hiyo ipo, jina lake ni hili, inapokea hiki na kurudisha kile. Tangazo hilo la mstari mmoja huwekwa kwenye faili ya kichwa, ile inayoishia na .h, na kila faili inayolihitaji huileta kwa #include. Funksheni yenyewe inabaki mahali pamoja. Hapo sikupata shida.

Shida ilikuwa kigeu, ile nafasi ya kumbukumbu uliyoipa jina joto. Kigeu nacho huumbwa kwenye faili moja tu. Kwenye faili ya kichwa hutangazwa kwa neno extern, yaani kipo kwingine, kitafute huko. Mimi nikaandika int joto, yaani umba namba iitwayo joto, ndani ya faili ya kichwa, bila extern, na kila faili iliyoileta ikaumba joto lake. Kiunganishi kikakataa: joto limeumbwa zaidi ya mara moja. Kilikuwa kinanieleza kosa langu waziwazi, Kimani. Nami, niliyekaripia wanafunzi maisha yangu yote kwa kutosoma swali, sikusoma. Niliongeza neno static mbele, malalamiko yakaisha.

Yaliisha kwa sababu static huiambia kila faili: hiki ni chako, usimwonyeshe mwingine. Ikawa jina ni moja na majoto ni matatu. Faili ya kupima iliandika joto halisi kwenye lake. Faili ya hita ilisoma lake, ambalo hakuna aliyewahi kuligusa. Sifuri. Hita ikadhani mayai yako kwenye baridi ya Molo, haikuzima. King'ora nacho kilisoma sifuri yake, kikanyamaza.

Nilijaribu kabla ya kuondoka, usidhani sikujaribu. Niliwasha mashine ikiwa baridi, taa ya hita ikawaka inavyotakiwa, nikaridhika, nikarudi mjini. Sikungoja kuona ikizima.

Asubuhi Mama Njeri alinipigia. Hakuwa akilia. Alisema, "Mwalimu, kuja uone. Yameiva."

Nilikuta ameyatoa yote, ameyapanga mezani kwa majina ya wenyewe ili awarudishie. Njeri akaniuliza, "Uncle, kwani shida ilikuwa wapi?" Nikamjibu, "Labda ni stima. Ilipotea, ikarudi na nguvu."

Laptop nilikuwa nayo mkononi, na lile neno static nilikuwa nimeshaliona. Mtoto wako ameniuliza maswali mengi tangu uondoke, kwa nini wewe, kwa nini mapema hivi, na hilo ndilo swali pekee ambalo ningeweza kulijibu kikamilifu.

Nilirekebisha kabla ya kutoka: extern kwenye kichwa, int joto kwenye faili ya kupima, basi. Safari hii nilingoja mpaka taa ikazima. Inafanya kazi vizuri. Lakini hakuna tena anayeleta yai. Jumapili, nje ya kanisa, jirani mmoja alimwambia mke wako, "Pole mathe, hizi vitu za kujitengenezea huwa hazidumu." Naye akajibu, "Baba Njeri alijaribu tu."

Alijaribu tu! Nilikuwa nimesimama karibu nao, Biblia kwapani, nikaangalia viatu vyangu.

Nimejitetea sana ndani kwa ndani. Kwamba mayai hayawezi kurudi. Kwamba amechoka, nisimwongezee. Kwamba nikisema, atakuwa amempoteza mume na rafiki. Yote ni maneno mazuri, na yote yananifaa mimi. Ukweli ni kwamba nilikubebesha lawama kwa kuwa wewe huwezi kuinua mkono ukajibu.

Jua limeanza kupanda na mimi bado naandika. Hii ni ahadi, uishike. Natoka sasa hivi, nifike kabla ya mkokoteni. Nitawaketisha wote wawili. Ile nakala niliyoiharibu sikuifuta. Nitamfungulia Njeri nimwache alitafute neno lenyewe, nisimsaidie, halafu nimwambie ni la nani. Kisha nitazunguka kwa wenye mayai, nyumba kwa nyumba, nitaje jina langu kwa mdomo wangu.

Huenda Mama Njeri akaiuza hata hivyo. Ni yake, na huenda hatataka tena kuisikia. Lakini ikipandishwa mkokotenini, itapanda watu wakijua ilikuwa nzima.

Pumzika, ndugu yangu. Kazi yako haikuwa na kosa. Ni mimi niliyeigusa.

Rotich