Maji ya Ndiva Hayagawiwi kwa Mkupuo

Mwanza

Mdogo wangu Eliamini,

Marahaba, najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Je, kifua cha wifi kimepoa? Na ndiva, bwawa letu la kumwagilia, mmeshaiondoa matope, au msaragambo wa kijiji kizima kuja na majembe umegeuka tena mkutano wa kunywa chai?

Naandika nikiwa na hasira. Utanivumilia.

Kazi yangu waijua: kuwafundisha madaktari vijana wanaosomea ubingwa wa dharura. Miaka yote zamu zao za upande wa watoto tulizitawanya. Kila wiki kila mmoja alihudumia watoto, masika na kiangazi, mpaka amalize masomo. Sasa amekuja mkuu mpya wa idara, akazikusanya zote ndani ya mwezi mmoja. Ukimaliza mwezi wako, humgusi mtoto tena. Sababu yake? Ratiba inakuwa rahisi kupanga.

Nilimwambia, "Kwetu Vudee mtu hapewi maji yake yote ya msimu kwa siku moja. Mahindi hayanywi hivyo."

Akacheka. "Mama, hapa hatulimi."

"Naona. Ndiyo maana hamtavuna."

Unamkumbuka Rashidi, mwanafunzi wangu wa kule Kifaru, aliyekuletea dawa zako? Mwezi wake wa watoto uliangukia kiangazi, wodi ikiwa kimya. Mvua ziliponyesha, mama mmoja aliingia mbio na mtoto wa kuhara, macho yamezama, mdomo mkavu. Madaktari wa upande wa watoto walikuwa wameshikwa na wagonjwa wengine, aliyekuwa karibu ni Rashidi. Kiasi cha dripu alikijua, akakitaja bila kosa. Mikono ndiyo iliyokuwa imesahau. Akachoma, akakosa mshipa. Akachoma tena, akakosa.

Yule mama akamwambia, "Wewe ni daktari, au unajifunzia kwa mwanangu?"

Niliitwa, nikaupata mshipa. Mtoto alipona. Rashidi nilimkuta stoo ya mashuka, amegeukia ukuta.

"Mama, mimi watoto nilishamaliza," akasema.

"Watoto hawamalizwi. Futa uso."

Nilikwenda kwa mkuu bila kubisha hodi. Akaniambia ratiba imeshapitishwa. Nikitaka vijana warudi kwa watoto kila wiki, iwe nje ya ratiba, na nimtafute wa kuwasimamia.

"Nitawasimamia mimi."

"Si unakwenda likizo, mama?"

Alijua alichokuwa anasema, Eliamini! Kwa hiyo sitakuja kwenye kipaimara cha mwanao Nakundwa. Mbuzi mchinjeni, msiningoje. Nimeitoa likizo yangu kwa jambo ambalo jana tu lilikuwa kawaida ya kazi, na hilo sitamsamehe upesi, hata mchungaji akinihubiria.

Msalimie wifi, na shangazi yetu wa Kwakoa ukimwona. Yule jirani anayefungulia maji kabla ya zamu yake mwambie nimezisikia habari zake, na salamu zangu asizipate. Nakundwa mwambie shangazi yake anamwombea, na kwamba sijamsahau. Kiti changu kanisani apewe mama mwenye mtoto mchanga.

Jana, kwenye zamu hizi zangu za nje ya ratiba, Rashidi alimpata mtoto mwingine wa kuhara. Mshipa aliupata kwa sindano ya kwanza. Akanitazama, anangoja sifa. Nikamwambia anawe mikono, kuna mwingine mlangoni.

Dada yako mkubwa,
Nakijwa