Mwisho Niliomwandikia Bibi

Butimba, 12 Agosti 1995

Shangazi Selina,

Shikamoo. Michembe ya viazi uliyotuma imefika.

Mchapishaji mpya hapa mjini anatafuta hadithi za watoto. Nikaandika ile ya Bibi, ya msichana wa kisiwani aliyetolewa kafara kwa ziwa ili mvua inyeshe. Mwisho nikaubadilisha, watoto wasiogope: msichana anarudi, amevaa shanga.

Nilipomsomea Bibi, akauliza, “Amerudi lini?” Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo kila jioni anafunika sahani moja ya ziada na kunikataza kufunga mlango; akishalala, naufunga. Nilipouliza sahani ni ya nani, akajibu, “Ya dada yangu.”

Shangazi, ulijua alikuwa na dada? Sijui nimwambie nilitunga, au ninyamaze.

Jana na mimi sikufunga mlango.

Mwanao,
Revocatus