Mama mkwe yuko kiti cha nyuma

Ndugu yangu, leo nimeumbuka.

Nilikuwa nampeleka mama mkwe hospitali. Si unajua nilimwambia hii teksi ni yangu. Katikati ya barabara gari likazimika. Kumbe tajiri, mwenye gari, amelizima kwa simu, amekaa zake nyumbani, eti hesabu yake, pesa ya jana, sijapeleka.

Nikampigia. Simu iko pale kwenye dashibodi, nimeweka spika kama kawaida yangu. Tajiri akasema, "Gari langu haliwaki mpaka nione hesabu."

Gari langu. Mama mkwe anasikia.

Akaniuliza polepole, "Mwanangu, na ile nyumba uliyotuonyesha, nayo ina tajiri?"

Nakuandikia hapa hapa garini. Magari yanapita pande zote, kushuka hatuwezi, vioo havishuki. Yuko nyuma yangu, anasubiri jibu.