Kola ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimeharibu gauni la harusi. Nimekata mkono wa kushoto mara mbili, wa kulia hakuna, na kitambaa kimekwisha. Miaka kumi na tisa nashika mkasi, haijanitokea. Bosi hakufoka. Afadhali angefoka. Alikunja vile vipande polepole akaniambia niende nikanywe maji. Nikaenda chooni nikalia, sijui nalilia nini.

Halafu hii baridi. Wenzangu wanajipepea na karatasi za kukatia, mimi nimevaa sweta. Sindano — tunamwita hivyo kwa wembamba wake na kwa ulimi wake — akauliza kama nimeolewa na barafu. Nikacheka. Kisha nikakumbuka nani mwingine huvaa sweta jua likiwa la utosi. Mama. Kicheko kikanikauka.

Alhamisi, 6 Machi

Majibu ya damu. Daktari anaongea taratibu, namshukuru kwa hilo. Amesema tezi ya shingoni imelegea, haifanyi kazi yake. Ndiyo inayoleta baridi, uchovu, kusahau, na nywele zinazobaki kwenye kitana. Kidonge kimoja kila asubuhi, tumbo tupu, chai baada ya saa nzima. Huenda maisha yangu yote.

Nikauliza, na kulia je? Na asubuhi zile ninazoomba kusikuche? Akaweka kalamu chini. Akasema hiyo ni sonona. Inaweza kuwa imeletwa na tezi, inaweza kuwa na mizizi yake yenyewe, na zinaweza kuwa zote mbili. Nirudi baada ya wiki sita. Na kila Jumanne nikaongee na mshauri, yule mama wa chumba cha mwisho.

Akauliza kama nyumbani kuna mwenye shida ya shingo. Hapana, nikasema. Ya akili? Hapana.

Nimedanganya. Mama huu mwaka wa sita hasemi mpaka aulizwe. Yuko kwa Kaka, chumba cha nyuma, anatazama ukuta. Ndugu wanasema alichanganyikiwa Baba alipofariki. Hata mimi nasema hivyo. Lakini kumtaja mbele ya daktari — niliona kama nikimtaja tu, na mimi nitaandikwa kichaa kama yeye.

Vidonge nimevificha kwenye kopo la vifungo.

Jumapili, 9 Machi

Nimejipima shingo mbele ya kioo. Sentimita 36. Zamani ilikuwa 34. Nimerudia mara nne, mara ya mwisho nikaibana tepu mpaka nikakohoa. Bado 36. Naogopa.

Jumatano, 12 Machi

Sindano alikuwa anasimulia habari za jirani yake anayemeza dawa za akili. Eti mtu akishaanza zile, mwenye nyumba kahama, kabaki mpangaji. Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jana na leo sijameza. Kwa mshauri pia sikwenda. Nataka kuona kama bado mimi ni mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshindwa kuamka. Bosi kapiga simu mara mbili. Nimemwambia tumbo.

Jumamosi, 15 Machi

Kaka amepiga. Mama amesahau jiko likiwaka, mara ya pili mwezi huu, na watoto walikuwa ndani. Amempatia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili, safari ya siku nzima. Gari litakuja Jumamosi ijayo. Alisema, Mdogo wangu, usinione mbaya, nimefika mwisho. Sauti ilikuwa inamkatika.

Akaomba nimshonee Mama gauni la kuendea. Vipimo vyake si unavyo?

Ninavyo.

Jumatatu, 17 Machi

Daftari langu la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake, kipimo kipya chini ya cha zamani. Ukurasa wa Mama nimeujua kwa doa la mafuta ya cherehani.

Shingo: 34. Mwaka uliofuata, 35. Kisha 36 na nusu. Kisha 38. Cha mwisho, miaka miwili iliyopita: 39 na nusu. Na pembeni, mwandiko wangu mwenyewe, mzuri kabisa: panua kola.

Nikapanua! Kila mara nilipanua. Bosi alitufundisha siku ya kwanza kwamba mwili wa mteja haujadiliwi, kitambaa ndicho kinachoufuata mwili. Mteja akinenepa, unaachia mshono, unanyamaza. Ndiyo adabu ya fundi. Na mimi nikamfanyia Mama mzazi adabu ya mteja. Tukasema amenawiri, raha za uzeeni. Sweta tukasema ni mazoea. Sauti ikawa nzito, tukasema ni kukaa kimya. Akajifunika mtandio shingoni, hatukumfunua.

Nimeweka kidole kwenye mstari wa tatu. Mimi nimebakiza nusu tu.

Jumanne, 18 Machi

Nimemeza kidonge. Nimekwenda kwa mshauri na daftari kwapani, nikasema yote, hadi ule uongo. Hakunitazama kwa jicho nililoliogopa. Alivaa miwani akasoma ukurasa wa Mama kama barua.

Akasema daftari si maabara, lakini mtu huyu apimwe damu kabla ya kupelekwa popote. Nikamuuliza, ikiwa ni tezi, Mama atarudi? Akasema hajui. Miaka sita ni mingi, na huzuni ya mume nayo ipo. Labda atarudi kiasi.

Kaka atauliza nimeyajulia wapi. Nikimwambia, wenye wazimu nyumbani wamekuwa wawili. Ndugu watasema maji hufuata mkondo. Sindano atapata hadithi ya mwezi mzima. Na bosi, atanipa tena hariri ya mtu niikate?

Alhamisi, 20 Machi

Nimeongea na Kaka dakika kumi nzima kuhusu rangi ya gauni. Simu ikakatika. Sijasema. Mwoga mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia kwa Kaka, kwenye kitanda cha Mama.

Nilikuta begi limeshawekwa mlangoni. Nikamwambia Kaka, apimwe damu kwanza, shingo yake imevimba, ninayo kwenye daftari. Akasema, "Nani kakwambia hayo?" Nikasema nimeyaona tu. "Fundi cherehani umeshakuwa daktari? Gari linasubiri. Mvalishe Mama." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka. Kopo la vifungo lilikuwa ndani ya mkoba wangu na ulimi wangu ukawa mzito kama pasi.

Nikaingia kumvalisha. Nikamtoa mtandio. Ile shingo! Nikainama kufunga kifungo cha juu, tepu inaning'inia mabegani mwangu kama siku zote.

Mama akaishika. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika tepu, kwenye cherehani yake, kabla sijaenda kwa bosi yeyote. Akainyoosha polepole, akanizungushia shingoni, akaweka vidole viwili kwa ndani, kama alivyonifundisha. Akaisogeza machoni.

"Thelathini na sita," akasema. Sauti kama kabati linaloburutwa. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kisha akasema, "Na yangu ilianza hivi. Nilidhani utaniuliza."

Kaka alikuwa mlangoni. Alisikia. Nikafungua mkoba, nikampa kopo, nikasema vidonge vilivyomo ni vyangu, nilivianza mwezi huu.

Sasa amekaa juu ya begi, amemwaga vifungo kwenye mapaja, anasoma maandishi ya kwenye paketi, midomo inatembea. Dereva amepiga honi mara mbili. Kaka hajainuka, wala hajamwambia aondoke. Mama hajaachia tepu. Naandika nimemwinamia, maana nikijivuta itambana vidole.

Honi ya tatu hiyo.