Tandiko Lenye Jua

Bwenini, 14 Januari 2007

Kwako Bibi,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Kesha ninayekaa naye dawati moja. Nakuandikia kwa lugha yetu kwa sababu mlezi wa bweni anasoma Kirusi tu. Hata hivyo, akipita naificha karatasi chini ya mto. Kwanza, hujambo? Mgongo unasemaje? Kulungu wamevuka mto salama? Mimi mzima, ila chakula hakipandi.

Ni mimi niliyetoboa tandiko lako.

Lile la manyoya la kufunikia mizigo ya kulungu, lenye jua jekundu, uliloshona mwaka niliozaliwa. Walimu waliliazima kwako wakalitundika ukumbini chini ya bendera, maana jua la bendera ya mkoa wetu ndilo hilo hilo. Siku ya mwisho ya Desemba tuliitwa kuona bendera ikishushwa. Mwalimu Mkuu, Nadezhda Filippovna, alisema kuanzia kesho mkoa wetu haupo tena, umeingizwa katika mkoa mkubwa. Halafu walimu wakala keki. Hakuna aliyelia. Nikakumbuka kaburini kwa Babu: ulivyotoboa birika lake, ukavunja fimbo yake, ukaniambia kitu kizima hakiwezi kumfuata aliyekufa. Nikaona jua letu litabaki peke yake, halina njia ya kwenda. Walimu walipotoka, nikachukua kisu cha keki, nikalitoboa katikati.

Sasa wanasema ni uhuni wa Kesha, kwa kuwa siku ile alikataa kuimba. Yeye kanyamaza. Na mimi nimenyamaza.

Mjukuu wako,
Ulyana


Ekonda, 9 Februari 2007

Mke mwenzangu Ulyana,

Salamu zako zimefika. Mimi bado nipo. Meno mawili yamenitoroka, yaliyobaki yanapanga safari. Kulungu wamevuka wote isipokuwa yule mweupe, mvivu kama marehemu mume wetu.

Umekosea, mtoto wewe. Tunatoboa vitu vya maiti. Mkoa si maiti. Mkoa ni karatasi: waliouandika ndio walioufuta. Lakini tandiko ni langu, na mimi napumua. Shangazi yako Fekla nilipomsomea barua yako alishika kichwa. Nikamwambia aache kunizika, anipe chai. Unajua maana ya kumtobolea kitu mtu aliye hai, sitakudanganya kwamba hujui.

Ila tundu huzibwa. Niletee, nitalitia kiraka utadhani lilizaliwa nacho. Kwanza kamwambie huyo Mwalimu Mkuu wenu. Kesha naye ana mama.

Bibi yako


Bwenini, 2 Machi 2007

Kwako Bibi,

Shikamoo. Macho yako bado yanaliona tundu la sindano? Niambie yanaliona.

Mara tatu nimefika mlangoni kwa Mwalimu Mkuu. Mara ya tatu alifungua mwenyewe akaniuliza nataka nini. Nikaomba chaki.

Tandiko kalifungia kabatini mwake. Anasema halitoki mpaka mkosaji akiri kwa mdomo wake. Kesha hakukiri, basi jana wamemrudisha kwao kwa helikopta. Nilimbebea mfuko mpaka uwanjani. Nilitaka kusema, nikaishia kumkazia kamba ya mfuko.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Kaa tu. Najua huwezi."

Bora angenitukana, Bibi.

Mjukuu wako,
Ulyana


Ekonda, 15 Machi 2007

Ulyana,

Uzi haupiti tena. Si macho, ni mikono. Umeshamwambia?

Bibi


Bwenini, 11 Aprili 2007

Kwako Bibi,

Sikuulizi hali. Shangazi Fekla ameniletea habari leo mchana kwa helikopta. Wamekuzika tarehe ishirini na nane Machi, na mimi sikuwepo. Ametoboa birika lako, amevunja kijiko chako. Tandiko jingine ulikataa. Ulisema lako liko kwa Ulyana na limeshatobolewa, wasihangaike.

Sijui kama ulikuwa unanitania au unanisamehe. Sijui kama ni mimi niliyekufungulia njia. Umelala huko na mizigo yako wazi, bila cha kuifunika, na nitalijua hilo maisha yangu yote.

Kesha ameingia msituni na wawindaji. Mama yake alimwambia Shangazi kwamba shule hataki kuisikia tena. Kwa hiyo nikisema leo, simrudishi yeye, wala wewe. Nitapata tandiko tu, nilipeleke kaburini kwako. Helikopta inaondoka kesho asubuhi, na Shangazi ananisubiri.

Nisamehe, safari hii nakuandikia kwa Kirusi. Ungenicheka.

Nasikia viatu vya Nadezhda Filippovna koridoni. Navijua, kimoja anakiburuta. Anapita vyumbani kuhesabu watu. Mto uko hapa karibu na mkono wangu. Karatasi nimeiacha mezani, nimeigeuzia upande wa mlango, ili aingiapo maandishi yawe wima kwake.

Mjukuu wako, niliyetoboa,
Ulyana